Mhudumu wa Upande wa Wanaume

Mountain View, Nairobi
9 Februari 2025

Mdogo wangu Masila,

Pokea salamu zetu sote. Sisi tu wazima. Muthama bado yuko na ile kazi yake ya bima. Anarudi jioni, anakula, analala. Maureen amekuwa mrefu, viatu vyangu sasa vinamtosha na anavivaa bila kuomba ruhusa. Maji ya mfereji yanakuja siku yanayotaka yenyewe. Mvua hakuna, na Barabara ya Waiyaki imejaa vumbi na honi vile vile ulivyoiacha.

Barua yako ya Krismasi niliipata juzi. Dan, dereva wenu, aliiacha dukani kwa Jaswant kama kawaida alipokuja kuchukua dawa, na Jaswant akaifunika na maboksi yake. Aliponipa alinitania: "Mama Maureen, huyu jamaa anakuandikia kila mwezi, si umpatie simu?" Nikamwambia mahali ulipo simu haziruhusiwi. Hakuuliza ni mahali gani, nikashukuru.

Sasa neno lenyewe. Unajua ofisi yetu hapa Hurlingham ndiyo inayotoa leseni za hospitali. Kanuni mpya zimeanza. Hospitali ya mashambani inayolaza wagonjwa wa akili sharti iwe na muuguzi aliyesomea kazi hiyo, daktari wa kuitembelea, na wahudumu wawili wa wodi, mmoja upande wa wanawake na mmoja upande wa wanaume. Ikikosa hata mmoja, itatibu watu mchana na kuwarudisha kwao jioni, lakini vitanda itavifunga. Mwenzangu Mungai atakuja kwenu mwezi huu kukagua. Mimi nimeomba nibaki ofisini kupanga mafaili.

Nakuomba kitu kimoja. Wakija, usitaje jina langu. Ofisini kwetu, mtu mwenye ndugu aliyelazwa katika hospitali tunayoikagua anatakiwa aseme, na mimi sikusema. Wakikuuliza habari za jamaa zako, tafuta jibu lingine. Wewe una akili, hutakosa la kusema.

Nimempa Dan sweta na sabuni akuletee.

Dada yako,
Ndunge


Wodi ya Nyuma, Kitui
3 Machi 2025

Kwako Dada Ndunge,

Nakusalimu, namsalimu shemeji, namsalimu na Mwaitu wetu mdogo, Maureen, mwenye jina la Mwaitu, mama yetu, na asiyenijua. Mimi ni mzima. Huku Doha ni joto, kama kawaida ya Doha. Nisamehe utani. Siku ya ntheo, Muthama alipoleta mbuzi wa mahari, Baba Mdogo aliwaambia wakwe zako kwamba niko Uarabuni nalinda benki, na tangu siku hiyo najaribu kuizoea kazi yangu.

Sweta imenienea vizuri. Sindano nachomwa kila mwezi. Nakula, nalala, sina furaha na sina huzuni. Sista Stellah, muuguzi wetu, akiniuliza, "Masila, unajisikiaje?" namjibu, "Sijisikii," naye anaandika kwamba naendelea vyema.

Wakaguzi wako walifika. Mimi asubuhi humsaidia Sista kuogesha wazee, na siku hiyo nilikuwa nimevaa koti la kijivu aliloliacha mhudumu wetu wa kiume alipohama. Mpaka leo hajapatikana mwingine. Mungai wako ni mtu mnene, ana heshima. Alinisimamisha mlangoni.

"Mkubwa, wewe ni nani hapa?"

Nilitaka kusema mimi ni mgonjwa. Lakini mgonjwa huulizwa ameletwa na nani, na aliyenileta ni wewe, na wewe umeniambia nisikutaje. Nikasema, "Mimi ni mhudumu. Upande wa wanaume."

"Ah, poa sana. Basi tutembeze."

Nikawatembeza. Niliwaonyesha vitanda, bafu na kabati la dawa. Waliniuliza nafanyaje mgonjwa akikataa kula, nikawaeleza vile huwa nafanyiwa mimi. Sista alikuwa nyuma yetu, akasikia yote. Walipoondoka alikaa kwenye benchi akanywa maji, akaniambia, "Masila, umetuokoa ama umetumaliza, mimi sijui." Aliyecheka ni Mzee Musili peke yake, yule wa kitanda cha dirishani.

Asiyekuwepo na lake halipo, dada. Ungekuja mwenyewe pengine mambo yangekwenda njia nyingine.

Ndugu yako,
Masila


Mountain View
30 Machi 2025

Masila,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama yake Muthama amekuja kukaa nasi, anatibiwa macho. Kila jioni anauliza habari za Doha na kukutumia salamu. Mimi nasema zimefika.

Barua yako niliisoma nimesimama pale dukani kwa Jaswant, Biashara Street, nikaisoma tena. Leseni yenu imetoka. Dkt. Taranjit, mkubwa wetu, ameitia sahihi, na jina lako limo: Masila, mhudumu, wanaume. Nilishika karatasi hiyo kwa mikono yangu na kuipitisha meza ya pili. Ningesema si kweli, wangeniuliza nimejuaje.

Kuna jambo lingine. Kila mhudumu aliyetajwa kwenye leseni ni lazima aje Hurlingham mwezi wa tano, aonwe uso kwa uso na kusajiliwa. Usije. Sema unaumwa. Sema gari limeharibika. Mimi ndiye ninayekaa kwenye meza ile.

Ndunge


Wodi ya Nyuma
27 Aprili 2025

Dada Ndunge,

Nakusalimu na kumpa pole mama mkwe kwa macho. Mwambie Doha nako kuna vumbi. Huku mvua imenyesha kidogo, kunde zimeota nyuma ya jiko na tunakula majani yake.

Nilimwambia Sista naumwa. Akasema, "Masila, usiponiendea Nairobi, hivi vitanda vinafungwa. Mzee Musili nitampeleka wapi? Watoto wake walishapangisha nyumba yake." Kwa hiyo nitakuja.

Mimi si mgonjwa tena, nikujulishe. Mtu hawezi kuwa mgonjwa na mhudumu katika wodi moja, basi Sista amelifunga faili langu na kuandika nimepona. Nilidhani kupona kutakuwa na kelele zaidi. Sasa nalala chumba cha wafanyakazi na nina ufunguo. Tatizo ni sindano, maana dawa huletwa kwa majina ya wagonjwa, na jina langu halimo. Sista anasema atatafuta njia.

Usiogope. Nakumbuka ulichoniambia.

Masila


Mountain View
15 Juni 2025

Mdogo wangu Masila,

Salamu kutoka kwetu. Nimekawia kuandika. Mama mkwe amefanyiwa upasuaji wa jicho moja na anaendelea vizuri, analalamika tu kwamba sasa anauona uchafu wa nyumba yangu. Maureen yuko katika mitihani. Muthama amenunua viti vipya vya sebuleni ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuvikalia.

Ulikuwa umevaa vizuri siku ile. Lile shati nililijua, lilikuwa la Baba.

Sijui nikuandikie nini ambacho hukukiona mwenyewe. Niliinua macho ukawa umesimama mbele ya meza na bahasha mkononi. Ulisema, "Habari ya asubuhi, madam." Nikasema nzuri. Dkt. Taranjit akakuuliza kazi yako, ukamjibu vizuri, polepole, akakupenda. Kisha akauliza kile wanachoulizwa wote.

"Uko na mtu hapa Nairobi? Wa kupigiwa simu kukitokea shida?"

"Sina, daktari."

"Hata ndugu? Hata dada?"

"Hata ndugu."

"Pole sana. Ndunge, andika hana."

Nikaandika hana. Ukatia sahihi, ukamshukuru, ukanishukuru na mimi. Kupitia dirishani nilikuona ukivuka Barabara ya Argwings Kodhek, ukasimama kidogo kama mtu anayekumbuka njia, kisha ukaelekea upande wa Ngong Road. Nilijua unaenda Woodley, kuitazama ile nyumba tuliyokaa ulipokuwa mwalimu.

Nilienda chooni nikafunga mlango, nikangoja kulia. Hakikuja kitu. Nilinawa mikono, nikarudi, nikamsajili mwingine. Nakwambia hivi kwa sababu ningeweza kukudanganya kwamba nililia, na ungeniamini.

Je, ile sindano ilipatikana? Hukunijibu.

Ndunge


20 Julai

NDUNGE!

Sina nafasi ya salamu, nimeamka! Unajua mtu akiamka inakuwaje? Nasikia ndege mmoja mmoja, nasikia mpaka sufuria ya jikoni inavyochemka, usiku silali na sichoki, na nina hasira, dada, sikumbuki mara ya mwisho kuwa na hasira, ni tamu kama muwa!

Ndiyo nilienda Woodley. Nyumba yetu ina lango la buluu. Mama mmoja akatoka akaniuliza namtafuta nani, nikamwambia namtafuta mwalimu Masila aliyekuwa akiishi hapa na dada yake. Akasema, "Huyo? Si tuliambiwa alikufa?" Nikamwambia pole, nikaenda zangu. Nani aliwaambia nimekufa, Ndunge? Kwa wengine niko Doha, kwa wengine niko kaburini, na mimi nimesimama pale na shati la Baba!

Ulinisogezea kalamu ukasema, "Sahihi hapa chini, tafadhali." Tafadhali! Wewe uliyenibeba mgongoni mpaka mtoni, uliyenitafunia nyama! Na Mwaitu alipozikwa niliambiwa na Dan, dereva, akiwa ananipa sabuni yako. Sikukuuliza. Leo nakuuliza. Kwa nini hukuja kunichukua nimzike mama yangu?

Usimlaumu Sista kwa sindano. Alileta, nikakataa. Mhudumu gani anachomwa sindano? Nachimba mashimo ya miti, nimechimba uwanja mzima hadi langoni, tutapanda kivuli kila mahali! Mzee Musili ananiogopa, sijui kwa nini, jana nilimshika tu mkono tucheze ngoma akapiga kelele.

Nakupenda. Nakuchukia. Nitakuja Mountain View mwenyewe nimweleze mama mkwe wako habari za Doha na nitamletea tende!

MASILA


Mountain View
24 Agosti 2025

Mdogo wangu Masila,

Nakusalimu. Sijui utaisoma lini hii, Sista anasema unalala sana tangu uanze tena dawa. Sisi tu wazima. Nyumba imenyamaza.

Barua yako haikuwa na salamu, na maandishi yalipanda mpaka pembeni mwa karatasi. Vile vile ulivyokuwa ukiandika Woodley, ile wiki kabla sijakupeleka huko. Nilitoka ofisini nikaenda kusimama kwenye ngazi, nikampigia Sista Stellah. Ni mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake. Alisema wagonjwa wanaanguka kwenye mashimo yako, na kwamba siku ile ya ngoma ulimvunja Mzee Musili kidole bila kukusudia. Alisema hawezi kukuchoma sindano kwa nguvu, maana kwenye karatasi wewe ni mfanyakazi wake. Ili urudi kuwa mgonjwa lazima ndugu akubali, na wewe huna ndugu.

Nikamwambia, "Mimi ni dada yake. Mchome."

Akasema, "Sawa mama, lakini unajua maana yake." Nilijua. Ukiwa mgonjwa, wodi haina mhudumu.

Jumatatu kwenye mkutano nilisimama. Nilisema yule mhudumu wa Kitui ni mgonjwa, na ni ndugu yangu. Mungai alicheka. "Aaah, Ndunge, wacha mchezo. Huyo buda si ndiye alinitembeza mpaka bafuni?" Hakuna mwingine aliyecheka. Dkt. Taranjit aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yako wa damu? Na ulikuwa umekaa hapo?" Nikasema nilikuwa nimekaa hapo. Aliniambia niende nyumbani nikangojee uamuzi. Bado nangojea. Nakaa kwenye vile viti vipya.

Leseni ya vitanda imesimamishwa mpaka mhudumu apatikane, na kaunti inasema haina wa kutoa. Kila mgonjwa achukuliwe na watu wake kabla ya Septemba kwisha. Najua ni mimi niliyewatoa. Wewe nimekurudishia kitanda, na kitanda chenyewe kinafungwa. Nimejaribu kujuta na nimejaribu kuona nimefanya vyema, yote mawili yamekataa. Nimeganda tu.

Muthama nilimwambia wakati wa chakula cha jioni, mbele ya mama yake. Yeye aliweka kijiko chini. Mama mkwe ndiye aliyesema: "Kwani zile salamu zangu zote za Doha zilikuwa zinaenda wapi?" Maureen akasema, "So niko na uncle hapa hapa Kenya? Na hamkunishow?" Akaingia chumbani kwake. Tangu siku hiyo Muthama hajasema ndiyo na hajasema hapana, na mimi sijamuuliza swali lenyewe.

Umeniuliza kwa nini sikuja kukuchukua Mwaitu alipozikwa. Kwa sababu wakwe zangu walikuwepo. Hakuna sababu nyingine.

Ndunge


Wodi ya Nyuma
21 Septemba 2025

Kwako Dada Ndunge,

Nakusalimu, namsalimu shemeji na mama mkwe na Maureen. Mimi ni mzima. Nilikuandikia maneno makali. Sikumbuki yote, lakini Sista aliyeona mkono wangu ukiandika anasema yalikuwa makali. Siyafuti. Nakueleza tu kwamba sasa nikiyatafuta ndani yangu siyapati. Ni kama mguu uliokufa ganzi, unajua ni wako kwa sababu unauona.

Ukweli wako kuhusu Mwaitu nimeusoma. Asante kwa kutozunguka.

Mashimo nimeyafukia. Sista hanichukii, ila hanipi tena ufunguo. Wodi inaisha polepole. Yule kijana wa kitanda cha pembeni alichukuliwa na mama yake, wakaondoka kwa miguu. Mwingine alichukuliwa na kanisa. Jana wana wa Mzee Musili walikuja na pikapu, wakampandisha nyuma ingawa mbele kulikuwa na nafasi. Nilimwomba radhi kwa kidole. Akaniambia, "Wewe ulikuwa mhudumu mzuri, shida yako ulipona." Nilitaka kucheka nikashindwa, nikampungia mkono mpaka pikapu ikapotea kwenye kona. Wako ambao hakuna aliyewajia, na hao sijui watapelekwa wapi.

Leo alikuja bwana mmoja wa kaunti, Obuya, anayesimamia kufungwa kwa vitanda. Alipita kitanda kwa kitanda akiuliza nani anachukuliwa na nani.

"Na wewe Masila?"

"Dada yangu."

"Dada gani? Hii karatasi ya Nairobi inasema huna mtu."

Nikamwambia ni huyo huyo aliyeiandika. Pengine alidhani dawa haijakolea. Kisha akaniuliza kama nina hakika utakuja. Nilimwambia sina hakika, nitakuuliza.

Nakuuliza.

Ndugu yako,
Masila


Langoni
28 Septemba 2025

Masila,

Hii atakuletea Maureen mkononi. Hajawahi kukuona, nimemwambia atafute mtu mwenye paji la uso la Mwaitu. Mkaribishe, ana haya ingawa hafanani.

Tulitoka Nairobi alfajiri. Muthama ndiye aliyeendesha, hakusema kitu njia nzima, lakini kiti cha mbele alikiacha wazi, akaniambia nikae nyuma na Maureen. Kule nyumbani mama mkwe amekutandikia kitanda chumbani kwake, yeye atalala na mjukuu. Ofisi imenifukuza Ijumaa. Hayo tutayazungumza, au tusiyazungumze.

Tumefika. Lango liko wazi, Sista amesimama pale, ananiashiria niingie. Muthama amezima injini. Nimejaribu kushuka, mdogo wangu, miguu imekataa. Silii, siogopi, nimekaa tu.

Njoo unifungulie mlango.

Dada yako,
Ndunge